Mwaka Tulipoifundisha Picha Kumsubiri Shija

Tangazo lilinikuta msibani Maganzo, nimekaa mkekani na kina mama wengine, siku ya pili baada ya kumzika Shija. Simu ilitetemeka kwenye pindo la kanga. Lilikuwa tangazo fupi, la heshima zote, kutoka kwa watu wa mradi wa programu huria ya sinema za nyumbani, programu ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiihudumia kwa ajili ya aina moja tu ya boksi la televisheni. Walisema toleo lijalo halitafanya kazi tena kwenye boksi hilo, kwa kuwa kadiri wanavyojua hakuna anayelitumia. Nikalisoma, nikalirudia, nikacheka kwa sauti, na mama aliyekuwa akinimiminia chai akanikazia macho, maana msibani hapachekwi namna ile. Hakuna anayelitumia! Ndani ya nyumba ile ile, juu ya kabati la marehemu, boksi lilikuwa limekaa na kitaa chake chekundu kinawaka. Kucheka kwangu kulikuwa hasira tupu, na hasira hiyo naijua vizuri. Tulianza kufahamiana Geita nilipokuwa msichana, mwaka ule niliokaa mtaa wa Kalangalala, na nauandika mwaka huo sasa kabla hajatokea mtu wa kuniambia kwamba nao haukuwepo.

Nilikuwa nimetoka chuoni Mwanza na kompyuta iliyovunjika bawaba, nikapata kazi ya kukaa kwenye karakana ya Yusufu. Yusufu alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtu wa Tabora kwa mama na Pangani kwa baba, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka wateja wakawa wanamwigiza mbele yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, harufu ya risasi ya kulehemu, na rundo la ving'amuzi lililofika dirishani. Miaka hiyo televisheni za antena zilikuwa zimeshazimwa na kila nyumba ikatakiwa iwe na king'amuzi. Kampuni moja ilikuja mjini na spika juu ya gari, ikauza vyake kila kona, watu wakanunua, halafu siku moja matangazo yakakatika na ofisi ikakutwa na kufuli. Watu walivileta vile ving'amuzi kwa Yusufu wakidhani vimeharibika. Havikuwa vimeharibika, vilikuwa vimetelekezwa, na Yusufu hakuwa na moyo wa kutupa kitu chenye bodi nzima. Mimi ndiye niliyefungua kimoja, nikaona chipu iliyomo, nikamwambia kwamba hiki si king'amuzi, hii ni kompyuta ndogo iliyofungwa mdomo.

Programu yenyewe nilikuwa naifahamu tangu chuoni. Ukiiweka kwenye kompyuta, inaigeuza kuwa ukumbi wa sinema wa nyumbani: inakupangia filamu zako, inakuchezea kutoka kwenye flashi, unachagua lugha, unachagua sauti. Na ni huria, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ukitaka kuubadilisha hakuna wa kukukataza. Ilikuwa imeshahamishiwa kwenye mashine za kila namna, ila kwenye chipu ya boksi letu hakuna aliyejaribu. Nikauliza kwenye jukwaa la mradi. Akanijibu bwana mmoja mwenye sauti ya kuamua mambo pale, kwamba chipu hiyo haina maelezo yoyote ya mtengenezaji, boksi limekufa sokoni, tusipoteze muda wetu. Nilimsomea Yusufu jibu lile akiwa na chuma cha kulehemu mkononi. Hakuinua kichwa. "Kwani muda ni wa nani?" akauliza. "Wake au wetu?" Jioni hiyo hiyo tulilehemu waya za kwanza kwenye bodi ili boksi liweze kuzungumza na kompyuta yangu.

Ukuta wa karakana ulikuwa wa mbao, na upande wa pili kulikuwa na kibanda umiza cha Mama Neema, cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio. Mabenchi, televisheni moja kubwa, viroba vimepigiliwa madirishani ili mchana uwe giza. Humo ndimo alimofanya kazi Shija, mtafsiri. Aliyezaliwa juzi huenda hajui, kwa hiyo niseme: filamu ilikuja na Kichina chake au Kihindi chake, na mtu alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akawasemea wote, bwana, bibi, mbwa na bunduki. Shija alikuwa mrefu, mikono mirefu zaidi, zamani alisaga mawe kwenye karasha huko machimboni kabla hajagundua kwamba watu wanamlipia kusema. Akaja na desturi yake. Filamu ikifika pazuri, anasema, "Simamisha hapo, Mama Neema," na Mama Neema aliyekaa mlangoni na rimoti anasimamisha. Picha imeganda, jambazi ameinua panga, na Shija anaanza kuwaeleza watu kwa nini huyu jambazi amekuwa jambazi, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma kwa wale waliotoka jana maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Halafu anawasalimia. Nilikuwa nikimsikia kupitia mbao kila alasiri: "Mwadila! Watu wa Nyarugusu mpo?" Kibanda kizima kikatikisika: "Tupo!" "Watu wa Buseresere mpo?" "Tupo!" "Haya, twende." Ndipo panga linashuka.

Mchana tulikula kwa Mama Neema, nyuma ya kibanda, ugali wa muhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, siku za neema sato, na asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa kwa karanga, ambayo Yusufu alikuwa akiikejeli kwamba ni viazi vilivyofiwa. Alikuwa akiimaliza sahani. Ni hapo kwenye lile benchi la jikoni nilipoyasikia yasiyonihusu. Mama Neema alikuwa akimsogezea Shija uji badala ya ugali. "Umewaambia?" akamuuliza kwa sauti ya chini. "Niwaambie nini?" "Alichosema daktari." Shija akakohoa, kikohozi kile cha watu wa karasha, kikavu na kirefu. "Daktari amesema nisinene kwa nguvu. Sasa mimi nikinena polepole, Mama Neema, nani atakaa nyuma anisikie?" Mama Neema akasema, "Baba Kulwa, alisema sauti itakata." "Nimesikia alichosema. Sikwenda pale kiziwi." Nilikuwa na tonge mkononi, likapoa. Mpaka siku ile mimi na Yusufu tulikuwa tukishindana na chipu kwa ajili ya ubishi tu. Tangu hapo nilijua boksi lile ni la nini. Televisheni za watu zingeweza kucheza filamu yoyote na ndani yake, katika orodha ya sauti, kungekuwa na Kichina, na Kihindi, na Shija. Tungeiwahi sauti yake au tusingeiwahi, ndilo lililokuwa swali la mwaka mzima.

Nilimwendea kesho yake. "Shikamoo, Baba Kulwa." "Marahaba, Kabula. Umekuja kuniombea dua na wewe?" Nikamweleza kwamba tunataka kumrekodi, filamu moja baada ya nyingine, akiwa kazini na watu wake. Akauliza, "Mtaniweka ndani ya kile kidude kilichokufa?" Nikamwambia hakijafa. "Basi kikifufuka niiteni," akasema, akaenda zake, na alasiri ile ile alinitumia mtu nilete hicho kinasa sauti.

Kufufuka kulichukua muda kuliko nilivyojigamba. Kwanza boksi lilikataa hata kuwaka na mfumo wetu. Kisha likawaka likakaa kimya. Kisha siku moja ya mvua kubwa, mabati yakipigwa hata hatusikilizani, picha ikatokea, nayo sura zote zilikuwa za kijani. Yusufu alicheka mpaka akakaa chini. Mama Neema akaja kuchungulia, akasema hao ni wagonjwa, wapelekwe hospitali. Nilitafuta kosa la rangi nikalipata, nikaliandikia taarifa kwenye jukwaa la mradi kama nilivyokuwa nikiandika kila hatua, bila kuulizwa: leo boksi limewaka, leo picha, leo rangi, leo rimoti inatii. Hakuna aliyejibu. Nikaendelea kuandika. Nilitaka siku moja waje wakute njia nzima imeshapigwa, ikiwa na nyayo za watu wa Geita.

Halafu tukaunganisha sauti ya Shija na filamu yake, na mambo yakaharibika. Filamu ilianza vizuri. Bwana alifungua mdomo, Shija akasema. Lakini kadiri ilivyoendelea picha ikawa inatangulia, kidogo, kisha sana, mpaka katikati ya filamu bwana harusi ameshazikwa na Shija bado anamtafutia mke. Nilijua chanzo, au nilijiaminisha. Kwa kawaida programu ile huifanya picha ifuate sauti. Chipu yetu ilikuwa na tabia ya kusukuma picha yenyewe bila kumsikiliza mtu. Kwa hiyo nikaenda vitani na chipu. Miezi mizima nilikuwa nikipima saa yake ya ndani, nikiirekebisha, nikiwasha, nikizima. Niliikamata kweli, nikaitiisha, ikaanza kufuata sauti kama inavyotakiwa. Filamu isiyo na Shija ilikwenda barabara mwanzo hadi mwisho. Tukiweka ya Shija, picha inakimbia. Niliandika kwa mradi kuomba msaada, nikapeleka vipimo vyote, na safari hii yule bwana akajibu, kwa uungwana nisimnyime, kwamba kwa vipimo hivi haiwezekani. Wakati huo wote Shija alikuwa akirekodi, na kati ya filamu moja na nyingine alipumzika zaidi, na sauti ilikuwa imeanza kuwa na mchanga ndani yake.

Siku iliyotufungua macho, betri za rimoti ya Mama Neema ziliisha. Kibanda kilikuwa kimejaa, mimi nimekaa pembeni na kinasa sauti. Shija akainua mkono: "Simamisha hapo, Mama Neema." Mama Neema akabonyeza, akabonyeza, akaipiga rimoti pajani. Picha haikusimama. Shija alikuwa ameshaanza kueleza, akageuka, akakuta mtu anayemwelezea ameshapanda farasi. "Hii picha inanikimbia!" akafoka. "Simamisha!" Kibanda kizima kikaanza kupiga kelele, simamisha, simamisha, mtu mmoja akaenda kuchomoa waya ukutani. Na mimi nikabaki pale nimeshika kichwa. Picha inanikimbia. Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyaandika kwa mradi miezi yote ile. Chipu haikuwa na kosa lolote. Shija alikuwa anasimamisha filamu, kila filamu, tena na tena, kwa hiyo sauti yake ilikuwa ndefu kuliko filamu, na mimi niliyekaa mle ndani kila alasiri na kuitikia "Tupo!" kwa nguvu zangu zote sikuwahi hata mara moja kulihesabu hilo kuwa ni jambo. Kwetu filamu husimama. Ndivyo filamu zilivyo. Wala sikuwa nimemwambia yule bwana, na yeye kule aliko angeotea vipi?

Nilirudi karakanani nikamwambia Yusufu, akajipiga paji la uso. Kisha akasema lililo jepesi. "Basi tukate. Toa salamu, toa hadithi zake za pembeni, bakisha maneno yanayolingana na picha." Bwana wa mradi nilipomweleza alisema hivyo hivyo, kwamba filamu ndiyo kazi, maelezo ni nyongeza, tuyakate au tumrekodi upya asisimamishe. Shija mwenyewe, kwa kutusikia tunabishana kupitia ukutani, alikuja akajaribu. Alisimama mbele ya kinasa sauti, filamu ikaenda moja kwa moja, naye akaikimbilia. Ilikuwa aibu kusikiliza. Alikuwa mtu anayefukuzwa, hana pa kuweka mguu, mzaha unamtoka kabla haujaiva, na mwisho akaketi anahema. "Huyu siye mimi," akasema. "Mkiweka huyu, msiandike jina langu." Mimi nikasema, na nakumbuka nilisimama nikisema, kwamba hatukati hata pumzi. Kama mashine inataka mtu aifuate, tutaibadilisha mashine. Yusufu akauliza kama mradi watakubali kitu kama hicho. Nikamwambia sikuwa naomba ruhusa.

Nikakaa na filamu zote alizorekodi, moja baada ya moja, nikisikiliza. Kila aliposema "simamisha hapo" niliweka alama. Kila aliposema "haya, twende" niliweka nyingine. Kisha nikaandika upya ile sehemu ya programu inayoamua nani anamfuata nani. Sauti ya Shija ikifika kwenye alama ya kwanza, picha inaganda na kusubiri, awe anasimulia, anakohoa au ananyamaza, mpaka atakapoiachilia. Ile chipu iliyonisumbua miezi mizima ilikuwa imeshajifunza kutii, kwa hiyo haikubisha. Alasiri tuliyoijaribu, tulibeba boksi upande wa pili wa ukuta, tukaliunganisha kwa Mama Neema, kibanda kimejaa, Shija ameketi kwenye benchi la mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sauti yake ikatoka kwenye spika. "Simamisha hapo, Mama Neema." Picha ikasimama, na Mama Neema akainua mikono yote miwili juu ili watu waone hajashika kitu. Kelele iliyopigwa pale sijaisikia tena, hata timu ya mji iliposhinda. Shija hakupiga kelele. Alikuwa anajisikiliza, kichwa amekiinamisha. Baadaye akanishukuru, "Wabeja, Kabula. Hicho kidude kina adabu."

Mradi walipokea kazi yetu ya chipu, wakaiweka kwenye toleo lao na jina langu na la Yusufu. Ile ya kumsubiri Shija waliikataa. Walisema ni hitaji la mtu mmoja. Nikaibakiza kwenye tawi letu wenyewe, toleo letu la kando, na kila aliyepata boksi kwa Yusufu alilipata likiwa nalo, na maboksi hayo yalitoka kwenye rundo lile yakaenda Katoro, yakaenda Buseresere, yakafika mpaka Shinyanga kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuwa na ukumbi.

Filamu ya mwisho ya Shija rimoti nilibonyeza mimi, maana Mama Neema alisema macho yake hayaoni, na macho yake yalikuwa mazima, yamejaa machozi tu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Watu walisogea mbele wenyewe, wakakaa sakafuni, hakuna aliyetafuna kitu. Katikati akasema, "Simamisha hapo, Kabula." Akasalimia Nyarugusu, akasalimia Katoro, wakamwitikia. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. "Watu wa Maganzo mpo?" Maganzo ni kwao, huko kwa wachimba almasi, mbali na sisi. Kibanda kikanyamaza. Kila mtu akamtazama mwenzake, na mmoja wa nyuma akacheka kidogo kwa haya. Shija alisubiri. Alisubiri zaidi ya alivyowahi kusubiri, kipaza sauti mkononi, mpaka nikaona vibaya kumtazama. "Haya, twende," akasema, na nikabonyeza. Yusufu alinishauri nikikate kimya kile, kinasikika kama kosa la kurekodi. Nikakataa. Mwaka haukuisha kabla sauti haijakata kabisa. Shija akarudi kwao, akaishi miaka mingi akisema kwa mnong'ono na mikono.

Ndiyo maana nilicheka msibani. Siku ya tatu kijana wa ukoo, mwerevu, mwenye simu kubwa, alinifuata kwa adabu zote. "Shikamoo, mama mdogo. Hizi filamu za babu tuziweke mtandaoni, ila tuondoe yale mapengo. Watu wa sasa hawasubiri." Nikamwambia marahaba, na nikamwambia kwamba atakayekata pengo hata moja tutaonana mimi na yeye. Kisha nikamwomba aninyanyue kutoka mkekani, tukaingia ndani. Alasiri ilikuwa kali, kina mama wakafunga kanga madirishani, watu wakajaa mpaka ukumbini na wengine wakasimama mlangoni. Nikachagua filamu ya mwisho. Watoto waliozaliwa wakati babu yao ananong'ona walimsikia akisema kwa mara ya kwanza, wakatazamana. Nilikaa chini na sikushika rimoti.

"Simamisha hapo, Kabula," akasema Shija, na boksi ambalo hakuna anayelitumia likasimamisha. Akasalimia Nyarugusu, watu wa kibandani wa zamani zile wakaitikia kutoka ndani ya spika. Akasalimia Katoro.

"Watu wa Maganzo mpo?"

Nyumba nzima ikaitika. "Tupo!" Wakaitika wa ukumbini, wakaitika wa mlangoni na waliokuwa nje kwenye mikeka, wengine kwa kilio, na mtu mmoja mzee akaitika peke yake tena baada ya wote kumaliza. Picha ikawangoja. Kimya kile kilikuwa kirefu vya kutosha, kila mtu alipata nafasi yake ndani yake, na walipokwisha kuitikia wote Shija akasema, "Haya, twende."